Datsun 240Z imelala bandani miaka mingi: ina thamani gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na watu walio katika hali inayofanana. Mzee amefariki, au nyumba inauzwa, au banda linabomolewa, na chini ya turubai kuna Datsun 240Z ambayo haijatembea tangu miaka ya themanini. Mmoja wa familia anasema ni chuma chakavu. Mwingine ameona mtandaoni kwamba moja iliuzwa kwa mamilioni. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea kilichomo chini ya turubai. Nimechagua 240Z kwa sababu ndilo gari la michezo la zamani ambalo Afrika Mashariki inalijua kwa jina. Mwenye Porsche 911 au Jaguar E-Type anaweza kutumia hesabu hizi hizi, ila sehemu za kuchungulia kutu zitakuwa nyingine.

Nitajuaje kama kweli ni 240Z?

Usiamini nembo. Nembo huuzwa madukani, na 260Z nyingi, ndugu zake waliofuata baadaye, zimewahi kubandikwa namba ya 240. Fungua boneti utazame ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva: namba ya chesi imegongwa hapo kwenye bati lenyewe. Ndani ya chumba cha injini kuna pia kibati kilichopigwa ribiti, chenye maelezo ya gari na namba zake.

Herufi za mwanzo ndizo zinazosema. HS30 ni 240Z yenye usukani wa kulia, kama zilizouzwa Uingereza, Australia na huku kwetu. HLS30 ni ya usukani wa kushoto, na ndizo nyingi kuliko zote kwa kuwa Marekani ndiyo iliyokuwa soko kuu. Herufi hizo zilirudi tena kwenye 280Z za Marekani, kwa hiyo zisikudanganye. S30 bila herufi nyingine mbele ni Fairlady Z, jina la gari hili huko Japani, yenye injini ya lita 2.0. RS30 ni 260Z ya viti viwili, na GRS30 ni 260Z ya viti vinne. Ukikuta PS30, funga banda kwa kufuli mbili na umtafute mtaalamu kabla hujamwambia jirani. Hiyo ni Z432, iliyotengenezwa kwa mamia tu, na injini yake ya S20 ndiyo iliyowekwa pia kwenye Skyline GT-R ya kwanza.

Ya viti vinne hutambulika hata boneti ikiwa imefungwa. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni ndefu zaidi kwa sentimita 30, na paa lake linakwenda nyuma kama la gari la familia. Sokoni bei yake huwa chini kuliko ile ya viti viwili, na sidhani hilo litabadilika.

Namba ya injini ina umuhimu gani?

Mkubwa. Injini ya asili ya 240Z ni L24, silinda sita kwa mstari, cc 2,393, na kabureta mbili za Hitachi. Namba yake imegongwa kwenye bloku upande wa plagi, nyuma kabisa karibu na silinda ya sita, chini kidogo ya kichwa cha silinda. Futa grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, usikwangue kwa msasa. Namba iliyokwanguliwa humtia mnunuzi wasiwasi hata kama ni halali.

Magari mengi yalibadilishwa injini yakiwa bado yanatumika kila siku, kwa sababu L28 ya 280Z huingia bila shida na ina nguvu zaidi. Fundi wa wakati ule hakukosea. Aliombwa gari litembee. Lakini leo gari lenye L28 lina kundi lake la bei, na lenye injini yake ya kuzaliwa liko kundi jingine. Kwa hiyo kabla ya kupanga bei, zunguka banda lote. Ikiwa L24 ya zamani imeegemea ukuta nyuma ya magunia, hicho chuma kinaweza kurudisha sehemu kubwa ya thamani iliyopotea, hata kama imekwama na haizunguki. Muuza skrepa asiione.

Mwaka wa kutengenezwa unabadilisha bei?

Ndiyo, na kuna alama unayoweza kuiona ukiwa umesimama nyuma ya gari. Gari lilizinduliwa Japani mwishoni mwa 1969. Zile za mwanzo, mpaka mapema 1971, zina matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo, na nembo ya "240Z" kwenye nguzo ya pembeni. Baadaye matundu yalihamishiwa kwenye nguzo hiyo na kufunikwa kwa nembo ya duara yenye herufi Z. Wakusanyaji huziita za mwanzo Series 1 na huzilipia zaidi, ilhali ukiendesha hutahisi tofauti kubwa.

Jihadhari: mlango wa nyuma hufungwa kwa boliti chache tu na unaweza kuwa umetoka kwenye gari jingine. Alama ni lazima zikubaliane zenyewe kwa zenyewe.

Nimesoma kwamba 240Z moja iliuzwa dola 310,000. Yangu je?

Ni kweli, iliuzwa Marekani kwenye mnada wa mtandaoni Januari 2020. Mwezi huo huo Tokyo, Fairlady Z432R, ambayo ni adimu kuliko hata Z432, ilivuka yen milioni 88. Habari hizo zilisambaa hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia zetu, na tangu hapo kila 240Z yenye mti ulioota kwenye sakafu inaitwa "ya milioni arobaini".

Ile ya dola 310,000 ilikuwa imetembea maili 21,000 na ushee katika maisha yake yote, na haikuwa imewahi kufanyiwa ukarabati wa kuirudisha upya. Kulikuwa na wanunuzi wawili wenye fedha wanaoitaka siku hiyo hiyo. Bei kama hiyo inakuonyesha dari la nyumba, na wewe bado hujajua umesimama ghorofa ya ngapi.

Mfano mwingine unaotajwa sana ni wa Ufaransa. Mwaka 2015, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza mjini Paris magari ya familia ya Baillon yaliyokuwa yamesahaulika vibandani. Miongoni mwake Ferrari 250 GT California Spider, iliyokuwa imefunikwa na marundo ya magazeti, ilifikia zaidi ya euro milioni 16. Mnunuzi alilipa vumbi? La. Ferrari za aina hiyo zilitengenezwa chache sana, na hii ilikuwa na historia inayothibitika, pamoja na kwamba mwigizaji Alain Delon aliwahi kuimiliki. Kulala kwenye banda kuliongeza hadithi juu ya gari ambalo tayari lilikuwa ghali. Kwa 240Z, iliyotengenezwa zaidi ya 150,000, banda peke yake halifanyi kazi hiyo.

Hesabu yenyewe inafanywaje?

Inafanywa kwa kurudi nyuma. Mnunuzi mwenye akili haanzi na gari lilivyo leo. Anaanza na gari likiwa limekamilika, kisha anatoa kila atakachotumia kulifikisha huko, kisha anatoa tena sehemu yake kwa ajili ya hatari. Kinachobaki ndicho atakachokupa.

Kwanza tafuta bei ya gari lililokamilika. Tumia bei zilizouzwa, usitumie bei zilizotangazwa. Mtu yeyote anaweza kuandika milioni kumi kwenye tangazo. Swali ni nani alilipa. Minada mikubwa ya mtandaoni ya Marekani na Uingereza huacha matokeo yake wazi. Soma pia yale magari yaliyoshindikana kuuzwa, kwa sababu dau la mwisho lililokataliwa linakuambia soko liliishia wapi. Chagua magari yenye mwaka, usukani na hali inayokaribiana na yako, matano au sita, utupe la juu kabisa na la chini kabisa. Angalia pia kama bei iliyoandikwa ina ada ya mnunuzi ndani yake, maana muuzaji haipati hiyo.

Wauzaji wa nje hupanga hali kwa namba: 1 ni gari la maonyesho lisilo na kasoro, 2 ni zuri sana, 3 ni zuri linalotumika, 4 linatembea lakini lina kasoro zinazoonekana. Gari lako la bandani halijafika hata 4. Kosa la kawaida ni kuchukua bei ya namba 3 na kupunguza kidogo "kwa sababu halijaoshwa".

Kisha toa gharama. Hebu tuseme gari zuri linalotumika lina thamani ya 100. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu, kila fundi atakupa zake. Kukata kutu, kuchomelea bati na kupiga rangi: 35. Injini, giaboksi, breki, tangi na mfumo wa mafuta: 15. Viti, dashibodi, raba za milango na vioo, vitu vya kromu: 12. Kusafirisha, kuhifadhi na karatasi: 5. Hapo umefika 67. Mnunuzi bado hajaona kilicho chini ya zulia, kwa hiyo anajiwekea 15 nyingine. Kilichobaki ni 18, na ndiyo maana dau la kwanza huonekana kama tusi. Mara nyingi si tusi. Muulize amefikaje hapo. Anayejua kazi yake atakueleza mstari kwa mstari, na ukiwa na jibu kwa mstari mmoja, kwa mfano picha za sakafu safi, 35 ile inashuka na bei inapanda mbele ya macho yako.

Hesabu hii inageuka katika hali moja: gari lenye rangi yake ya kiwandani, viti vyake, injini yake, bati lisilokatwa. Hilo halipimwi kwa kutoa gharama za kulirudisha upya, maana anayelitaka hatalirudisha upya. Atalisafisha, atatengeneza breki, ataliacha na mikwaruzo yake. Gari linaweza kukarabatiwa mara kumi, lakini la asili linakuwa hivyo mara moja tu katika maisha yake, na soko la miaka ya karibuni limeanza kulilipia jambo hilo. Ndiyo sababu swali la kwanza la mnunuzi makini huwa kuhusu rangi: ni ya lini?

Nitajuaje kama rangi ni ya asili?

Tazama mahali ambapo mpiga rangi mvivu hafiki: ndani ya milango, chini ya zulia la buti, nyuma ya raba, chini ya dashibodi. Rangi ya nje ikitofautiana na ya ndani, gari limebadilishwa rangi. Ukiona rangi juu ya raba, kwenye vichwa vya skrubu au pembezoni mwa vioo, kazi ilifanywa bila kufungua vitu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hushika bati na hulegea penye puti. Pita nayo polepole juu ya matao ya magurudumu na chini ya milango.

Kutu ya 240Z hujificha wapi?

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo bei inapoamuliwa. Gari zima lina uzito wa tani moja hivi, na Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, ilifika huko kwa kutumia bati jembamba. Siku zile kinga ya kutu haikuwa jambo la kulipigia kelele.

Anza kwenye kisahani cha betri. Asidi huvuja miaka na miaka, hula kisahani, halafu hushuka kwenye bati la ukuta na reli ya chini. Kisha lala chini ya gari utazame reli mbili ndefu zinazopita chini ya sakafu. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza hujibu kwa sauti ya ugali. Reli zikiwa zimejikunja kwa jeki, hilo ni jambo la kawaida. Zikiwa na matundu, sakafu nayo imeshaondoka.

Nenda nyuma. Inua zulia la buti na utoe tairi la akiba. Shimo lake hukusanya maji. Tazama bati lililo chini ya taa za nyuma, matao ya magurudumu ya nyuma, na ile kona ndogo kati ya mlango na gurudumu la nyuma ambako matope hujaa bila kutoka. Rudi mbele: chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa hewa ambapo majani huoza na kuhifadhi unyevu. Kutu ya hapo haionekani mpaka vitu vitolewe, na kuirekebisha ni kazi ya fundi wa bodi anayejiheshimu, kwa hiyo humwogopesha mnunuzi kuliko tundu la sakafu. Mabati ya sakafu na reli mpya hutengenezwa nje na yanauzwa. Bati la mfereji ule ni mateso.

Mlango wa nyuma uliooza usikukoseshe usingizi. Huo hubadilishwa.

Gari lililolala Mombasa na lililolala Nakuru, tofauti ipo?

Ipo sana. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar hula bati hata gari likiwa ndani, na hula kutoka kwenye mikunjo ambako rangi haikuingia. Nyanda za juu zenye ukavu huhifadhi vizuri zaidi. Na gari la huku lina faida moja ambayo wauzaji wengi husahau kuitaja: halijawahi kupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyushia barafu, ile iliyoyamaliza magari ya Uingereza na ya majimbo ya kaskazini ya Marekani. Ukiandika tangazo la kuuza nje, liseme hilo waziwazi, na useme ni mji gani gari limelala.

Hasara yetu ni barabara za murram. Tafuta nyufa pale shokomzoba zinapofungwa, matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya taa za ziada na vyuma vya kukinga mbele, na vumbi jekundu lililojaa ndani ya vizingiti likashika maji. Panya nao huhesabiwa. Kiota chao juu ya nyaya kinaweza kumaanisha mfumo mzima wa umeme.

Niioshe? Niiwashe?

Piga picha kwanza, gari likiwa vile vile lilivyo, na vumbi lake. Kuosha kwa mashine ya presha kunasukuma maji kwenye raba zilizopasuka na kung'oa karatasi za kiwandani zilizobandikwa chini ya boneti, na karatasi hizo zina fedha.

Kuwasha ni hatari zaidi. Kijana wa gereji atakuja na betri mpya na waya wa kuazimia moto, na kwa nia njema kabisa atakuvunjia ringi za pistoni zilizoshikana na silinda. Petroli iliyokaa tangini miongo mitatu imekuwa gundi, na tangi lenyewe lina kutu ndani. Vyote hivyo vitavutwa hadi kwenye kabureta. Toa plagi, mimina mafuta kidogo kwenye kila silinda, acha siku kadhaa, kisha zungusha krenki kwa mkono ukitumia spana kwenye puli. Ikizunguka, andika kwenye tangazo: "injini inazunguka kwa mkono, haijawashwa." Sentensi hiyo ina thamani kubwa kuliko video ya injini inayotoa moshi. Kuwashwa kwenyewe kufanywe na fundi anayezijua hizi, akitumia petroli ya kidumu pembeni, baada ya kubadili mafuta ya injini na mipira yote ya petroli.

Si bora niikarabati kwanza, ndipo niiuze?

Kwa walio wengi, hapana. Gharama ya kazi nzuri huzidi kile inachoongeza kwenye bei, na kazi mbaya huishusha bei chini ya ilivyokuwa bandani, kwa sababu mnunuzi atalipia pia kuifumua. Rangi ya haraka juu ya puti ndiyo adui mkubwa. Inaficha hali ya bati, na mnunuzi asiyeona bati hudhania baya zaidi.

Nissan yenyewe ilijaribu biashara hii huko Marekani katika miaka ya tisini: ilinunua 240Z za zamani, ikazirudisha upya na kuziuza kupitia mawakala wake kwa dola 25,000 hivi. Mpango ulifungwa kabla magari hayajafika 50. Kampuni iliyolitengeneza gari, yenye spea na mafundi wake, haikuendelea nao. Wewe na fundi wa mtaani mtafakari.

Kinachostahili fedha kabla ya kuuza ni kidogo: tairi zinazoshika upepo ili gari lisukumike, breki zilizofunguliwa zisikwame, na mtu wa kulitoa bandani bila kulivuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye bampa.

Vitu gani vidogo nisivitupe?

Vyote. Nyuma ya viti vya magari ya mwanzo kuna visanduku vya sakafuni vyenye vifuniko, vya kuwekea zana na jeki. Mara nyingi zana bado zimo. Kifuniko cha chujio la hewa chenye rangi ya machungwa, vifuniko vya magurudumu, redio, usukani wa mfano wa mbao, kitabu cha mwongozo, stika ya huduma ya mwisho, risiti ya bima ya mwaka 1978. Dashibodi ya 240Z hupasuka kwa jua, karibu zote, kwa hiyo isiyopasuka ni habari njema inayostahili picha yake peke yake. Kabureta za asili zilizotolewa zikawekwa nyingine za Weber huwa zimewekwa kwenye katoni mahali fulani. Itafute katoni.

Mzee alikuwa akisema gari hili lilikimbia kwenye Safari Rally. Inaongeza bei?

Ikithibitika, inaongeza sana. Isipothibitika, usiiweke kwenye tangazo, maana inaharibu hata yale ya kweli uliyoyaandika.

Historia iko wazi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari wakiwa na 240Z, na Shekhar Mehta na Mike Doughty wakashika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alirudi na Lofty Drews akashinda, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Magari hayo ya kiwanda yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi, na zile za 1971 zilikuja zikiwa na namba za usajili za Japani. Gari lililoshinda 1971 liko Japani, kwenye hifadhi ya Nissan huko Zama. Kwa hiyo rangi nyekundu na boneti nyeusi, bandani Thika, si ushahidi wa chochote. Vijana wa miaka ile wote walitaka rangi hizo.

Lakini kulikuwa na madereva binafsi wengi waliokimbia kwa fedha zao, na magari yao ndiyo yanayoweza kuwa bado humu. Ushahidi ni huu: picha ya wakati ule inayoonyesha namba ya usajili, jina la mmiliki kwenye orodha ya washiriki likilingana na logibuku, kadi za muda za mashindano, kikombe, kipande cha gazeti. Kwenye gari lenyewe tazama bati lililoongezwa chini ya injini, mahali palipochomelewa kwa uimara, matundu ya vifaa vya msomaji ramani. Mtu akitaka kukuuzia bamba la mashindano "la kuongezea historia", mwonyeshe mlango.

Kuna mnunuzi wa aina nyingine hapa. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, na wanaojenga magari kwa ajili yake hutafuta bodi iliyonyooka na imara. Huyo hajali kama redio ni ya asili. Gari lililopoteza injini, viti na rangi yake linaweza kupata bei nzuri zaidi kwake kuliko kwa mkusanyaji.

Karatasi zinaathiri bei kiasi gani?

Gari lisilo na logibuku, au kadi ya gari kama wasemavyo Tanzania, linauzwa kama spea. Namba ya chesi kwenye kitabu ilingane na ile ya kwenye bati, tarakimu kwa tarakimu. Kama kuna tofauti ya tarakimu moja iliyoandikwa vibaya na karani mwaka 1972, irekebishe kabla ya kutangaza, maana mnunuzi wa mbali hatakusubiri.

Ikiwa mmiliki ni marehemu, gari ni sehemu ya mirathi. Kenya utahitaji hati ya mahakama ya kusimamia mali kabla NTSA haijahamisha umiliki, na maombi hupitia eCitizen. Tanzania msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na usajili wa magari uko TRA. Hakikisha ndugu wote wanajua. Nimeona mauzo mazuri yakivunjika kwa sababu shangazi mmoja alipata habari mwisho.

Bamba la zamani usilitoe. Kwa Kenya, namba ya kabla ya mfumo wa KAA, ile isiyo na herufi mwishoni, inaonyesha kwamba gari limekuwa hapa muda wote.

Niuze hapa au nje?

Hapa wanunuzi ni wachache lakini wanafahamiana. Maonyesho ya Africa Concours d'Elegance huko Ngong Racecourse, Nairobi, ambayo huandaliwa na Alfa Romeo Owners Club, ni mahali pa kukutana na watu wanaomiliki magari haya na mafundi wanaoyatengeneza. Nenda bila gari, uliza majina.

Nje, usukani wa kulia unakupa Uingereza, Australia na Japani kama masoko ya kawaida. Uingereza gari la zaidi ya miaka 30 lililobaki katika hali yake ya asili, la aina isiyotengenezwa tena, linaweza kuingia kama kitu cha wakusanyaji: bila ushuru wa forodha na kwa VAT ya 5%. Marekani gari lililofikisha miaka 25 halidaiwi viwango vya usalama vya magari mapya, lakini huko wao wana za kwao nyingi, za usukani wa kushoto. Toa gharama za kontena, wakala, bima ya safari na ada ya mnada kabla ya kulinganisha na dau la Nairobi. Tofauti mara nyingi ni ndogo kuliko ilivyoonekana, isipokuwa kwa gari la asili kabisa, ambalo linastahili safari hiyo.

Mthamini ameandika kiwango kikubwa kuliko dau zote. Nani mkweli?

Muulize aliandika kwa ajili ya nini. Thamani ya bima ni gharama ya kupata jingine kama hilo. Thamani ya soko ni anacholipa mtu leo. Ya kwanza huwa juu. Kwa kugawana mirathi, ombeni ya soko, kwa maandishi, kutoka kwa mtu asiyekusudia kulinunua.

Dalali anataka kulichukua leo, fedha taslimu. Nifanyeje?

Gari limesubiri miaka thelathini, litasubiri wiki mbili. Mwombe aandike dau lake na tarehe. Wakati huo piga picha hizi: pande nne za nje, namba ya chesi kwenye ukuta wa injini, kibati, namba ya injini, kisahani cha betri, reli zote mbili za chini, shimo la tairi la akiba, matao ya nyuma, mfereji chini ya kioo cha mbele, dashibodi, visanduku vya nyuma ya viti, kipima maili, na kila ukurasa wa logibuku. Hiyo ya ukurasa wa logibuku usiitume kwa mtu yeyote mpaka awe amekuja kuliona gari kwa macho yake.